Msitu Uliofagiliwa

Watu walimwita Mzee Fagio, na jina lenyewe alilipenda. Miaka ishirini na sita alisimamia shamba lile la mitiki, na asikwambie mtu, lilikuwa safi kuliko sebule za wengi. Majani yakidondoka leo, kesho yamefagiliwa, yamerundikwa, yamechomwa moto. "Uchafu ndio unaoleta wadudu," aliwafokea vibarua. Wakaguzi walikuja, wakasifu, wakaenda zao. Nani angemkosoa?

Sasa mitiki ilikuwa inakauka kuanzia kileleni, mstari baada ya mstari, naye amebakiza miezi minne astaafu. Chakula kikawa hakishuki. Akachimba udongo sehemu mbili, ndani ya shamba na kwenye pori la karibu lisilo na mwenyewe, akampelekea bintiye, fundi wa maabara ya udongo. Akamwomba Mungu wawe wadudu tu. Wadudu wana dawa.

Majibu yalipotoka, binti alimwita, akamvutia kiti, kisha akafunga mlango.

"Si wadudu, baba. Ni kaboni. Ule uhai wa udongo unaotokana na majani yakioza. Udongo wa porini una asilimia mbili. Wako haufiki hata nusu asilimia."

"Umechanganya mifuko ya udongo wewe."

"Nimepima mara tatu."

"Pori! Lile pori la hovyo linishinde mimi?"

"Kule hakuna anayefagia, baba."

Lo! Majuto ni mjukuu, lakini ya mzee yalimkalia mapajani palepale.

"Tukiyaacha majani kuanzia leo?"

"Udongo utapona labda baada ya miaka thelathini. Na mitiki iliyopo haitasubiri."

Ripoti ilikuwa mezani. Kila mahali pamejazwa, isipokuwa palipoandikwa "Chanzo cha tatizo". Akaelewa kwamba mtoto amemwachia mwanya astaafu na heshima yake. Akachukua kalamu, akaandika pale jina lake kamili, hadi la baba yake.

"Baba, jamani, si ulikuwa hujui?" Binti alikuwa analia.

"Na sasa nimejua," mzee akasema. "Haya niambie, mwanangu. Huku kujua kwangu kutaokoa hata mti mmoja?"