Jiwe la Nyuma ya Jiko

Joanitha alikuwa ameutembelea mwamba wa Muleba mara arobaini na moja bila kutoka Bukoba. Mwalimu Kahangwa aliupiga picha mamia kwa mamia, akaziunganisha kwenye kompyuta, na sasa mwanafunzi wa jiolojia akivaa ile miwani mikubwa inayoziba macho yote, anajikuta amesimama mbele ya mwamba, dira mkononi, anapima matabaka ya mawe yameinama kiasi gani. Akipatia, miwani inamwekea alama ya vema. Raha iliyoje, kusoma mawe bila kuumwa na siafu.

Joanitha aliihitaji raha hiyo. Alikuwa amesharudia mwaka mara moja, na chuo hakina huruma ya mara mbili: akifeli tena, anarudi kwao Nyanga kupalilia migomba ya baba yake.

Siku ya mtihani wa vitendo kila mwanafunzi alipewa mwamba wake, wa kweli.

"Joanitha, Muleba," Kahangwa akasoma. "Ule wa kwenye miwani. Basi la kurudi ni saa tisa."

Wenzake wakanung'unika kwamba amepewa mteremko. Yeye alifurahi waziwazi, na kwa nini afiche?

Kwenye miwani ukifungua macho tu, jiwe hili hapa. Huku alikuta kibanja cha migomba, nyumba ya bati, na bibi mmoja uani akianika kahawa kwenye mkeka. Joanitha akasema "Shikamoo bibi" huku miguu ikiendelea na safari. Kwetu hiyo si salamu, ni kelele za mpita njia.

Mwamba ulikuwa uleule, hadi lile doa jeupe la kuvu ubavuni. Akaweka dira, akasoma: nyuzi thelathini na tano, kuelekea ziwani. Ndiyo hesabu iliyokuwa ikipewa vema siku zote. Akaandika, akavunja kipande cha jiwe kwa nyundo, akageuza. Saa saba ilikuwa haijafika.

Alipopita uani, bibi hakuinua kichwa.

"Umemaliza kuongea na jiwe? Njoo sasa uongee na mwenyewe."

Aibu ikampanda Joanitha hadi masikioni. Akarudi, akapiga magoti, akamwamkia Kihaya kwa heshima: "Kasinge, waitu."

Bibi akaitikia taratibu. Akataka kujua yeye ni wa ukoo gani na mama yake anaitwa nani, ndipo akafungua kifurushi cha jani la mgomba, akampa amwani, kahawa ya kutafuna anayopewa mgeni. Akasema yeye anaitwa Evodia.

"Ulikuwa unapima nini kule, mwana wange?"

"Jinsi jiwe lilivyolala, bibi."

"Lile halikulala. Lilianguka, Jumamosi ile ya tetemeko. Lilitoka kule juu likaniulia migomba tisa."

Joanitha akaacha kutafuna. Somo hilo alilijua tangu muhula wa kwanza: jiwe lililohama halipimwi, maana limeshageuka, haliwezi tena kukwambia ardhi ya pale imekaaje.

"Mwalimu wetu alikuja kulipiga picha. Hakukuuliza?"

"Yule wa kofia? Alipita kama wewe. Ila wewe umerudi."

Evodia akampeleka nyuma ya jiko, palipochomoza mwamba ambao yeye hunolea panga. Huo ulikuwa na mizizi yake ardhini, na matabaka yake yamekaa karibu sawa na sakafu. Joanitha akapima sehemu tatu. Nyuzi sita. Alikuwa bado ameinama pale aliposikia honi ya basi likiondoka.

Njia nzima, nyuma ya bodaboda, alibishana na nafsi yake. Thelathini na tano ilikuwa kufaulu. Sita ilikuwa kumwambia mwalimu mwenye nyundo kuukuu kuliko umri wake kwamba kwa miaka mitatu amefundisha jiwe lililoanguka. Aliogopa sana, wala hakujidanganya kwamba haogopi. Akaandika sita. Akachora nyumba, jiko na njia ya jiwe, na chini akaandika jina la Evodia.

Kahangwa alianza kusoma akiwa amesimama, kisha akakaa.

"Nani alikwambia?"

"Mwenye kibanja, mwalimu. Anasema ulipita."

Mwalimu akavua kofia, akaitazama.

"Nilikuwa nawahi mwanga," alisema.

Akachukua kalamu nyekundu na kukata thelathini na tano. Aliikata kwenye karatasi yake mwenyewe ya majibu. Joanitha akapata themanini, baada ya kupunguziwa alama tano za kuchelewa, kwa kuwa Kahangwa ni Kahangwa. Jumamosi iliyofuata mwalimu alipanda basi la Muleba, kamera begani na kilo mbili za sukari mkononi.

Muhula ulipoanza, Joanitha akaitwa maabara kuijaribu miwani kabla ya wengine. Akaivaa, akafungua macho. Mwamba haukuwepo. Palikuwa na ua, mkeka wa kahawa, na Evodia ameketi akimtazama usoni.

Hata hakufikiri. Akapiga magoti kwenye saruji ya maabara, na nyuma yake akamsikia Mwalimu Kahangwa akisema kwa sauti ya chini, "Kasinge, waitu."