Bandari ya Kina Kirefu

Ngolo hakuwa mtu wa kununa. Kununa ni kazi ya watu wenye nafasi, na yeye nafasi hiyo hakuwa nayo. Likimkera jambo alikuwa analisema palepale, akimaliza anarudi kwenye jembe lake, na wewe uliyeambiwa ndiye unabaki umesimama unatafuta pa kuweka uso. Wahehe wa kijiji kile cha Kilolo walishamzoea. Walisema Msukuma huyu wa Usangu alinyonyeshwa pilipili, naye akawajibu kwamba afadhali pilipili kuliko pombe yao ya ulanzi, wakacheka, maisha yakaendelea. Lakini wiki ile hakuna aliyecheka. Wiki ile Ngolo alivunjiwa heshima mbele ya kijiji kizima, na kwa mara ya kwanza tangu aolewe pale, hakupata la kujibu.

Mambo yalikuwa hivi. Kikundi chao cha wakulima wa parachichi kilijaza kontena zima la baridi, likashushwa pwani kwenda kupanda meli ya Ulaya. Huko lilikoenda lilipofunguliwa, wakakuta matunda yamelegea, mengine yameshaanza kutoa maji, wakayatupa yote. Hakuna kaya iliyopata kitu. Ndipo akaja Dastan, kijana wa kampuni iliyokuwa inanunua matunda yao, akaegesha gari mbele ya ofisi ya kijiji, akasema kwa upole kabisa kwamba matunda yalichumwa yakiwa yamekomaa kupita kiasi. Akauliza msimamizi wa uchumaji alikuwa nani. Macho yote yakamgeukia Ngolo.

Na uongo wa upole, jamani, ndio unaoingia. Angesema kwa ukali wangebisha, angalau mmoja wao angebisha, maana walimwona Ngolo msimu mzima anavyozunguka na kisu, kila mti anapasua tunda moja, anatazama ganda la kokwa. Likiwa limegeuka kahawia anawaambia chumeni. Likiwa bado jeupe anawafukuza. Wanawake wenzake walikuwa wanamwita bwana jela kwa jinsi alivyowabana wasivute tunda kwa mkono, wakate kikonyo kwa mkasi, wasiliache liguse chini. Walewale waliomwita bwana jela kwa sababu ya ukali wake, leo walikubali kwamba alichuma ovyo. Faustina, mwenyekiti wa kikundi, alisema wataenda kwenye kikao cha kampuni Mafinga, na wakirudi wataamua kama Ngolo abaki au atoke. Kuku mgeni hakosi kamba mguuni. Miaka yote ile amezaa pale, amezika wakwe pale, kumbe kamba ilikuwa bado ipo.

Kabla hajaondoka, Dastan aliwapoza watu. Akawaambia wasikate tamaa, kwa sababu huko pwani ikishajengwa bandari ya kina kirefu, mambo yote yatanyooka. Watu wakapiga makofi.

Sasa hapa usikilize vizuri. Ngolo aliolewa kwa kina Kihwele. Juu yao kwenye mteremko wanakaa kina Kikoti. Chini wako kina Kidava, na ng'ambo ya kijito kina Kisinga. Kwa Kiswahili alichojifunzia pale, neno kina likishatamkwa, linalofuata ni ukoo wa Kihehe unaoanza na Ki. Na huko Usangu alikokulia nyuma ya ng'ombe wa baba yake, maji yalikuwa yanapimwa kwa mnyama: maji ya magoti, maji ya tumbo, maji ya kuzamisha. Hakuna aliyewahi kumwambia habari ya kina. Kwa hiyo aliposikia bandari ya kina Kirefu, alisikia kama wewe ungesikia shamba la kina Kikoti. Akaelewa kwamba kuna watu wanaitwa kina Kirefu, wana bandari yao pwani, na hawajaijenga. Akaenda nalo nyumbani akilitafakari njia nzima. Kama Kirefu akijenga mambo yatanyooka, basi aliyeyapinda ni Kirefu. Sasa mimi natukanwa kwa nini?

Nyumbani alimkuta mumewe, Clement, ameshasikia yote. Clement hakuwa mtu mbaya, ila alikuwa na paini kichwani. Tangu mwanzo alitaka mteremko ule upandwe paini kama wenzake wote, akate, apakie, lori la mbao lifike mlangoni, basi. Parachichi yalikuwa mambo ya Ngolo. Ni yeye aliyekwenda kusalimia kwao, akafika hadi kituo cha kilimo cha Uyole, akarudi na miche kwenye ndoo ameipakata magotini. Ni yeye aliyepanda mteremko na maji ya kijito kichwani kiangazi baada ya kiangazi, watu wanamwuliza kama anaoga huko juu. Miti ikakua, ikazaa, na Clement akanyamaza. Leo akafungua tena mdomo. Alisema paini haiozi. Alisema ameshaongea na Vitus, mwenye msumeno wa injini, aje Jumamosi auondoe mparachichi mmoja baada ya mwingine, ili mvua zikute miche ya paini imeshaingia ardhini.

Ngolo akamwambia amsubiri arudi Mafinga, maana anakwenda kuonana na Kirefu.

"Kirefu yupi?" Clement akauliza.

"Mwenye bandari."

Clement akafikiri sana. Akasema kina Kirefu yeye hawajui, labda ni wa huko Mufindi.

Safari ya Mafinga walikwenda wawili, Ngolo na Faustina, na hawakusemeshana. Faustina alijaribu kwa "kamwene" ya asubuhi, Ngolo akaitikia nusu, akageukia dirisha. Laiti wangeongea, lile la Kirefu lingetatuliwa kabla ya kufika Iringa mjini, na mimi nisingekuwa na cha kukusimulia. Lakini hasira ilikuwa imemkaba, na mtu aliyekabwa na hasira haulizi maana ya maneno. Walifika, wakapita katikati ya malori ya mbao na vumbi la misumeno, wakaingia kwenye ghala la kampuni, pale matunda yanapopangwa kwenye makreti. Wajumbe wa vikundi vingine walikuwa wameshakaa. Dastan akafungua kikao kwa kueleza tena, kwa upole wake uleule, jinsi uchumaji mbaya unavyoharibu soko la watu wote.

Ngolo hakungoja kuitwa. Alisimama.

"Mimi nimekuja kuonana na Kirefu," alisema.

Dastan akamwuliza Kirefu gani.

"Huyo mwenye bandari. Si ulisema mwenyewe, bandari ya kina Kirefu ikijengwa mambo yatanyooka? Basi mleteni hapa. Aniambie kwa nini hajengi, mimi nikatukanwa mbele ya wakwe zangu kwa ajili yake."

Ghala zima likaangua kicheko. Mtu mmoja alishikilia meza asianguke. Faustina alijifunika uso kwa kitenge, mabega yakawa yanamtikisika. Dastan alicheka mpaka akatoa kitambaa kujifuta macho. Ngolo alibaki amesimama, hajui amekosea wapi ila anajua amekosea. Kucheka na mtu ni kitu kimoja. Kuchekwa na aliyekudhulumu ni kitu kingine kabisa, na kama hakijakupata, mshukuru Mungu wako.

Na Dastan, kwa furaha yake, akaamua kufundisha. Kicheko kilikuwa kimemlegeza. Alimwambia mama, kina si watu, kina ni urefu wa maji kwenda chini. Bandari iliyopo maji yake hayatoshi. Meli kubwa zikija haziwezi kuingia hovyohovyo, zinasimama nje huko baharini kungoja zamu na kungoja maji yajae, na mizigo nayo inangoja. Ndiyo maana inatakiwa nyingine, yenye kina kirefu, meli kubwa iingie moja kwa moja, ipakie, iondoke. Akachukua kreti mbili akaonyesha kwa mikono, hii meli, hii gati, hapa chini mchanga. Alieleza vizuri sana, na kila mtu alielewa.

"Hata kontena lenu," akasema, "lilikaa pale wiki na wiki linangoja meli, ndiyo maana..."

Akasikia mwenyewe alichokisema.

Kicheko kilikatika. Ngolo hakupaza sauti. Waliokuwapo wanasema ni hapo ndipo walipoogopa, kwa sababu hawakuwahi kumsikia akisema taratibu.

"Kwa hiyo parachichi letu," alisema, "lilikomaa kupita kiasi, au lilikaa kupita kiasi?"

Dastan alitazama kreti. Alianza na maneno ya kiofisi, akayaacha njiani. Mwishowe akasema kwamba wakubwa wake walimkataza kugusa habari za bandari. Ikisemwa mzigo ulichelewa, hasara ni ya kampuni. Ikisemwa mchumaji alikosea, hasara ni ya wakulima. Akasema yeye ni mtu wa kutumwa tu.

Ngolo akamwambia kutumwa anakujua, hata mbwa wa kuchunga anatumwa, lakini hajamwona mbwa anayemng'ata ng'ombe wa mwenyewe halafu anasingizia fisi. Alimwambia amesimama kijijini kwake akamvua nguo mbele ya watoto wake, kwa sauti ya mtu anayehubiri. Kisha Kiswahili kikamwishia, akamalizia kwa Kisukuma, maneno marefu ambayo hakuna aliyeyajua na kila mtu aliyapata. Faustina naye akasimama. Alisema Dastan atakuja Kilolo siku ya soko, atasimama palepale mbele ya ofisi ya kijiji, na atasema haya haya, kwa upole ule ule. Dastan akakubali. Angekataa angetokea wapi, wajumbe walikuwa wameshaziba mlango.

Nje, Faustina alimshika Ngolo mkono kwa mikono yake miwili, akaomba radhi. Ngolo akasema yamekwisha. Hayakuwa yamekwisha, lakini alikuwa ameshinda, na mshindi ana haraka ya kufika nyumbani. Walilala Iringa kwa dada yake Faustina, na asubuhi ya Jumamosi akawahi gari la kwanza.

Alipanda mteremko karibu anakimbia. Vitus alikuwa ameshafika, amechuchumaa pembeni anatia petroli kwenye msumeno wake. Clement alikuwa amesimama katikati ya miti, mikono nyuma. Mti hata mmoja haukuwa umeguswa. Ngolo aliwaambia palepale bila salamu, yote, mpaka lile la Kirefu, na Clement alipoelewa kwamba hata yeye aliwatafuta kina Kirefu kichwani mwake huko Mufindi, alicheka mpaka akakaa chini. Alicheka kwa furaha ya kweli. Alisema alijua mkewe hakuchuma ovyo, alijua, ila hakuwa na la kuwajibu watu. Halafu kicheko kikampungua, akawa anang'oa majani yaliyo karibu na mguu wake.

"Kwa hiyo kosa si lako," alisema.

"Si langu."

"Basi nieleze, mama Prisca. Mwakani kutakuwa na kina?"

Clement angemuuliza kwa kejeli, angempata Ngolo yule wa siku zote. Angemfokea, wangefokeana mpaka jirani waje, na Vitus angebeba msumeno wake akaondoka zake. Lakini aliuliza kama mtu anayeuliza njia. Na Ngolo aliona, hapo aliposimama, kitu ambacho hasira ilikuwa imemficha tangu Mafinga. Kosa lingekuwa lake, angelirekebisha. Angechuma mapema, angepasua matunda mawili kila mti badala ya moja. Lingekuwa la mtu mwingine, angekwenda kumshika shati, kama alivyomshika Dastan. Hili lilikuwa mchanga chini ya bahari, mbali huko, na yeye hana jembe la kufika. Bandari itajengwa, hakuona sababu ya kutoamini, redio inasema kila siku. Ila haijasema lini, na miti hii ilikuwa tayari na maua ya msimu ujao. Ingezaa tu, itake isitake, na tunda haliwezi kungoja meli kama paini inavyongoja lori. Na ndani ya nyumba hakukuwa na kitu cha kuwavusha msimu mwingine wa kutupa. Hilo Clement hakulisema, na hakuhitaji kulisema.

"Sijui," alisema.

Lilimtoka kwa uchungu, maana ni neno asilolizoea. Alitamani kumchukia Clement na hakumwona wa kumchukia. Akatamani kina Kirefu wangekuwapo kweli, wenye nyumba na mlango, akaugonge.

Vitus, aliyekuwa anasubiri kuambiwa, alichukulia kwamba ameambiwa. Akavuta kamba, injini ikanguruma, akausogelea mti wa kwanza.

"Zima," Ngolo alisema.

Vitus akazima. Ngolo alitua mkoba wake, akafunga kitenge vizuri kiunoni, akaenda pale zilipokuwa zana, akaokota shoka.

"Nimeipanda mimi," alisema. "Hutaigusa na moshi wako."

Pigo la kwanza lilitikisa mti mzima, maua yakamwangukia kichwani na mabegani. Hakuyapangusa. Machozi yalikuwa yanamtoka na hayakuwa ya huzuni, yalikuwa ya hasira tupu, hasira isiyokuwa na mtu wa kupewa. Clement aliinuka, akamfuata, akanyoosha mkono apokee shoka. Ngolo akamwambia akae mbali, kisije kikamrukia kipande. Akaendelea kukata.