Fundo la Sisimizi

Katika kazi yao ya kukata miti, mafundo yote alifunga baba, na jambo hilo halikuwa na mjadala. Wengine wapande, wakate, watokwe jasho, lakini fundo la kumshika mtu asianguke lisiguswe na mkono mwingine. Tena akishalifunga hulipima kwa mwili wake mwenyewe. Huvaa mkanda wa kupandia, akajivuta mpaka miguu ikaachana na ardhi, akatikisa tumbo, kisha akatangaza, "Likinibeba mimi, litambeba yeyote."

Nani angebisha? Kila aliyefungua mdomo alionyeshwa baba mdogo, pale alipoketi na mkongojo wake. Baba mdogo alijifungia fundo mwenyewe siku moja, kwa haraka zake, akaja chini na mguu haukurudi tena kuwa mguu. Tangu hapo baba hakumwamini mtu na kamba, na binti yake ndiyo kabisa.

Binti huyo walimwita Sisimizi tangu utotoni, kwa wembamba wake na kwa kuparamia kila kilichosimama. Sasa alikuwa mtu mzima, mwenye msumeno wake na makovu yake, na bado alifungiwa fundo kama mtoto anayefungwa kamba za viatu. Lilimkera sana. Kufunga alijua, tena vizuri. Miguu ya kitanda chake ilikuwa imechubuka rangi kwa mazoezi.

Asubuhi hiyo kazi ilikuwa kwenye ua wa shule ya chekechea. Mti mkubwa ulikuwa umelaza matawi makavu juu ya bati la darasa, matawi membamba ambayo ni Sisimizi tu angeyakanyaga yasivunjike. Baba alikuja na kamba mpya, nyororo, inayong'aa, maana ile ya zamani ilikuwa imechakaa na kuota manyoya. Akaipitisha juu ya tawi nene, ncha moja akaifunga kwenye mkanda, na upande wa pili ulioning'inia akauzungushia kamba nyembamba ya fundo lake, iliyoshikizwa kwenye mkanda huohuo, mizunguko mitatu kama siku zote. Fundo la namna hii kazi yake ni kung'ata. Ukiliegemea linaikaba kamba kuu nawe unaning'inia. Ukilisukuma kwa mkono linateleza, nawe unakwenda unakotaka. Baba akaning'inia, akatikisa tumbo, fundo likang'ata.

"Likinibeba mimi..."

"Baba, hebu na mimi nilipime."

"Nimeshalipima."

Sisimizi hakusubiri ruhusa. Alivaa mkanda, akajivuta hadi usawa wa dirisha la darasa, akaachia mikono. Fundo likasita kidogo, halafu likaanza kuteleza, taratibu, kwa adabu zote, mpaka likamkalisha vumbini. Watoto waliokuwa wakichungulia dirishani wakashangilia, wakadhani ni mchezo.

Yeye hakucheka. Huko juu asingekalishwa kwa adabu.

"Umelisukuma mwenyewe," baba akasema.

"Mikono yangu ilikuwa hewani. Umeiona."

"Mbona mimi limenibeba?"

"Ndiyo shida yenyewe hiyo! Wewe ni mzito, Baba. Uzito wako ndio unaolikaza. Mimi halinisikii kabisa, na kamba yenyewe mpya, inateleza. Mimi linanifaa la mizunguko mitano."

"Hapa hatujadiliani. Mizunguko mitatu imewapandisha watu kabla hujazaliwa. Panda, au nenda nyumbani ukapumzike."

Hapo Sisimizi akafanya jambo ambalo halijawahi kufanywa na mtu. Alilishika fundo la baba yake, akaanza kulifungua, mbele ya mwalimu mkuu na watoto wake wote.

"Ukilifungua hilo, mimi na wewe basi," baba akasema. "Sitaki kuokota mtu mwingine chini ya mti."

Ilimchoma. Alijua ile haikuwa hasira tupu. Ilikuwa hofu, na alimpenda baba yake kwa hofu hiyo. Lakini hofu ya baba isingeng'ata kamba kwa niaba yake.

"Hutaniokota," akajibu. "Na sipandi tena kwa fundo la tumbo lako."

Akafunga lake, mizunguko mitano, akaikaza mmoja mmoja. Akajivuta, akaachia mikono, akabaki ananing'inia. Alitulia hapo kwa makusudi, muda wa kutosha kila mtu aone, kisha akapanda.

Baba aliupa mti kisogo. Kila tawi lilipodondoka mabega yake yalishtuka, lakini hakugeuka. Kule juu, juu kabisa, Sisimizi akaachia mikono tena.

"Baba! Geuka uone! Yote miwili hewani!"

Hakugeuka. Mkaidi kazaa mkaidi.

Kazi ilipokwisha Sisimizi alishuka, akavua mkanda, akaenda bombani kunywa maji. Alipogeuka, baba alikuwa ameshauvaa. Asingeweza kulala bila kulipima. Alijivuta mpaka miguu ikaacha ardhi, akatikisa tumbo, na fundo likang'ata kwelikweli. Akalisukuma lishuke. Wapi! Akalisukuma kwa mikono miwili, huku miguu ikipiga hewa. Dirishani watoto walishangilia tena.

"Limekwama hili!"

"Halijakwama. Limekaza kwa uzito wako. Hilo ni la mtu wa kilo zangu, Baba, si lako."

"Niteremshe."

Sisimizi akachukua kreti tupu iliyokuwa karibu na bomba, akaja nayo mpaka mbele yake, akasimama ameishika.

"Langu atafunga nani?"

"Wewe mtoto! Niteremshe, nimesema!"

"Na mimi nimeuliza. Langu atafunga nani?"

Baba akamtazama mdogo wake, aliyeketi kando ya ukuta wa darasa, akitafuta msaada. Baba mdogo alikuwa amecheka mpaka mkongojo umemponyoka, anafuta machozi.

"Mjibu, kaka. Mimi na mguu huu sikufikii huko."

Baba akaacha kupiga miguu. Akalitazama lile fundo lililokuwa mbele ya pua yake, akalipapasa mzunguko kwa mzunguko, akitafuta kosa. Hakuliona.

"Utafunga wewe," akasema mwishowe. "Lakini nitasimama hapo nikitazama."

"Tazama," Sisimizi akasema, akamsukumia kreti miguuni.