Namba Zilizotulia Mno

Kilichomtia Nyanzala shaka ni zile namba kutulia kupita kiasi.

Ilikuwa wiki ya nne tangu aanze mwaka wa kwanza pale chuoni Mpanda, kwenye somo la utangulizi wa umeme na kompyuta. Mwalimu wao, Injinia Salvator, aliwapanga wawili wawili, akawapa kila kundi bodi ndogo ya kielektroniki, waya na kazi moja: kutengeneza kipimo cha unyevu wa nafaka. Unachomeka misumari miwili ndani ya mahindi, umeme kidogo unapita katikati, programu inakuambia unyevu ni asilimia ngapi. Mahindi mabichi hupitisha umeme mwingi, makavu hupitisha kidogo.

Nyanzala alipangwa na Kauthar, binti wa mzee Nassib mwenye duka la vifaa vya umeme hapo mjini.

"Wewe umezaliwa kwenye nyaya," Injinia alimwambia Kauthar mbele ya darasa. "Utamwongoza mwenzako."

Nyanzala alikubali kuongozwa. Yeye ni mtoto wa Mabula wa kule kijijini Mamba, amekulia nyuma ya ng'ombe, na kompyuta alikuwa hajaigusa mpaka alipofika chuo. Kauthar akachukua kazi ya kuunganisha waya na kuandika programu. Nyanzala akaleta ndoo ya mahindi ya nyumbani, akawa wa kuandika matokeo.

Jumatano kila kundi lilituma programu yake kwa Injinia aipitie. Ya kwao ilikuwa tayari, Kauthar akaituma kwa simu yake, na kipimo kilisoma vizuri: kumi na tatu nukta moja, kumi na tatu nukta mbili, tena nukta moja. Juu ya ndoo, katikati, chini kabisa, ni hizo hizo.

Nyanzala aliandika, lakini roho haikumtulia. Alijua mahindi. Ya chini ya ndoo hayawi sawa na ya juu, hasa haya yaliyofungwa kwenye kiroba bado yana umande. Alichota punje kutoka chini, akaing'ata. Haikukatika kwa mlio kama punje kavu, ilibonyea kwenye jino.

"Haya hayajakauka," alisema.

"Kipimo kinasema kumi na tatu, yaani yamekauka," Kauthar akajibu, huku akifunika kompyuta. "Kati ya jino na mashine, nani anakosea?"

Nyanzala akaiandika namba. Huenda kweli anakosea yeye. Lakini kuanzia hapo akawa anamwangalia mwenzake kwa jicho la pembeni. Kwa nini anafunika kompyuta kila akisogelewa? Kwa nini hataki waya ziguswe? Akawaza labda msichana wa mjini anamfanya mjinga, ili maksi na ujuzi vibaki upande mmoja.

Alhamisi saa kumi jioni Kauthar alitoka kwenda kuswali, akaacha kila kitu kimewashwa mezani. Nyanzala aliichomoa misumari kwenye mahindi, akaishika hewani. Kipimo kikasoma kumi na tatu nukta mbili. Akaitumbukiza kwenye kikombe cha maji.

Kumi na tatu nukta moja.

Kauthar aliporudi alimkuta bado ameishikilia misumari ndani ya maji. Alivuta kiti, akaketi.

"Namba umezitunga," Nyanzala alisema.

"Kipimo kilikuwa kinaleta sifuri tu. Siku tatu, sifuri."

"Sasa kwa nini hukusema?"

"Niseme nini, Nyanzala? Dukani kwa baba nauza soketi zikiwa ndani ya boksi. Waya sijawahi kuufunga hata mmoja, kaka zangu ndio wanafunga. Halafu Injinia ananiambia nimezaliwa kwenye nyaya, na nyie wote mnanitazama." Sauti ilimpungua. "Usimwambie."

Nyanzala hakuahidi. Alichukua mita, ile inayolia waya ukiwa mzima, wakapima waya mmoja baada ya mwingine. Wa nne haukulia. Ulikuwa umekatika ndani kwa ndani, nje hauonyeshi kitu. Waliubadilisha, Kauthar akafuta namba za uongo kwenye programu, wakajaribu upya. Juu ya ndoo kumi na mbili, chini kumi na nane, na kila wakisogeza misumari kipimo kinaruka.

Ijumaa walionyesha kazi yao. Injinia Salvator alitazama namba zile zinazorukaruka, kisha akawatazama wao.

"Hiki kinasoma kweli," alisema. "Ile programu mliyonitumia Jumatano ilikuwa haisomi kitu. Nilikuwa nasubiri nione mtakuja na ipi." Akawapa nusu ya maksi.

Nje ya darasa Kauthar alimsimamisha mwenzake mlangoni.

"Umemwambia."

"Sijamwambia."

"Jana nimekuomba, ukanyamaza. Leo anajua kila kitu. Nani mwingine alijua?"

Jana Nyanzala alikuwa na kikombe cha maji cha kumpimia Kauthar. Yeye leo angepimwa na nini? Aliona vile anavyotazamwa, akalitambua jicho lile, maana juzi na jana lilikuwa lake.

"Amesema programu ya Jumatano," alisema. "Tulimtumia wenyewe. Angalia simu yako."

Kauthar hakumwamini. Alitoa simu kwa hasira, akatafuta, akafungua alichotuma. Alisoma muda mrefu, kidole kikishusha mistari taratibu. Zile namba zilikuwamo, alivyoziandika mwenyewe kwa mkono wake.

Hakuomba radhi. Aliirudisha simu mkobani, akasubiri mpaka wanafunzi wa kundi la mwisho walipotoka na kuwapita.

"Jumatatu tunaanza kazi ya pili," alisema. "Waya nitafunga mimi. Ila ukae karibu."

"Na programu naandika mimi," Nyanzala akasema. "Na kompyuta haifunikwi."

Kauthar akaitikia kwa kichwa.