Amana ya Bi Irmtraud

Bi Irmtraud Stöcker aliishi juu yangu kwa miaka kumi na tisa, na katika miaka hiyo yote sikuwahi kumsikia akiburuta kiti. Alikuwa anakiinua. Mimi ni dereva wa basi hapa Wuppertal, naingia zamu saa kumi alfajiri, na yeye alilijua hilo. Mtu anayeinua kiti kwa ajili ya usingizi wa jirani si wa kumwacha ahangaike peke yake, ndiyo maana nikajikuta ndani ya jambo hili.

Mwezi wa Aprili alianguka ngazini akavunjika nyonga. Alipotoka hospitalini, daktari alimwambia bila kumficha kwamba ghorofa ya nne isiyo na lifti si makao ya mtu wa miaka sabini na minane. Mdogo wake, Gerlinde, akamtafutia chumba na jiko huko Solingen, kwenye nyumba ya wazee, chini kabisa, mlango unafungukia bustanini. Kule walitaka amana ya kodi ya miezi mitatu kabla ya kutoa ufunguo. Bi Irmtraud hakuona tabu. "Ya kule nitailipa kwa ya hapa," alisema.

Ya hapa ililipwa mwaka 1984, enzi za Mark, kabla pesa yetu haijawa yuro. Mumewe, marehemu Ewald, aliiweka taslimu juu ya meza ya Mzee Dörner, mwenye nyumba, aliyekuwa akiishi humu humu chini. Mzee akaandika risiti kwa mkono wake, akawamiminia kila mmoja kijiglasi cha pombe kali, wakapeana mikono. Tangu siku hiyo nyumba imeuzwa mara tatu. Sasa ni ya kampuni fulani ambayo hakuna mpangaji aliyewahi kuuona uso wake. Hutuletea barua zenye sahihi iliyochapwa na mashine.

Wiki tatu kabla ya kuhama, kampuni ilimtuma kijana aje kukagua. Aliitwa Lensing, mpole, viatu safi, kishikwambi mkononi. Alipita chumba hadi chumba akiguna, mpaka alipofika jikoni akakutana na vigae vya Ewald, rangi ya haradali, ukuta mzima.

"Hivi vigae, mama, aliweka nani?"

"Mume wangu. Mwaka themanini na sita. Mzee Dörner alimruhusu, tena alikuja mwenyewe kuvisifia."

"Alimruhusu kwa maandishi?"

"Kwa kinywa chake. Alisimama hapo hapo ulipoegemea wewe."

Lensing akajiondoa ukutani kidogo. "Nakuelewa, mama. Ila bila maandishi, lazima parudi kama mwanzo."

"Mwanzo palikuwa na nini?" nikamuuliza.

Akaangalia kishikwambi chake. "Ukuta," akasema.

Nilichukua likizo ya siku tatu, nikaazima tindo na nyundo kwa shemeji yangu. Bi Irmtraud alikaa kwenye kiti chake na gongo lake kando, akipokea kila kigae kilichotoka mzima, akikifuta vumbi kabla ya kukiweka ndooni, ingawa ndoo yenyewe ilikuwa inakwenda jalalani.

"Polepole, Jochen," alikuwa akiniambia. "Ewald alitia saruji kama anajenga bwawa."

"Nimeshaona. Huyu mtu alikuwa na ugomvi na nani?"

"Na mimi. Nilimwambia vitaanguka kabla ya Krismasi."

Alicheka, akanyoosha mkono kupokea kigae kilichofuata. Kila kigae kilichotoka kilitoka na kipande cha plasta, mahali pengine mpaka matofali yakaonekana. Niliziba nilivyoweza, nikapaka rangi nyeupe mara mbili. Lakini mimi ni dereva. Ule ukuta ulibaki kama uso wa mtu aliyeponea chupuchupu ndui.

Siku ya makabidhiano lori la kuhamisha lilikuwa limeshapakiwa, linasubiri barabarani. Lensing alitembea kwenye vyumba vitupu akiandika. Mkwaruzo sakafuni, upana wa kiganja. Kifuniko cha choo kimelegea. Jikoni alisimama zaidi.

"Ukuta haukurudishwa ipasavyo," alisema, na kuandika.

"Si wewe uliyesema tung'oe?"

"Nilisema parudi kama mwanzo, bwana. Sikusema mvunje plasta."

"Umewahi kung'oa kigae wewe, hata kimoja?"

"Kaka, mimi naandika ninachokiona."

Bi Irmtraud akanigusa kiwiko ninyamaze. Akamuuliza Lensing kwa sauti ya kawaida kabisa ni lini angerudishiwa amana yake. Kijana akapekua kwa kidole, akapekua tena.

"Hapa kwetu, upande wa amana pameandikwa sufuri."

"Sufuri maana yake nini?"

"Kwamba tuliponunua nyumba hatukukabidhiwa amana yako. Labda hukulipa, mama."

"Mwanangu, bila amana Mzee Dörner asingekupa hata ufunguo wa sanduku la barua."

"Naamini. Una risiti?"

Hapo ndipo nilipoikumbuka stoo. Ewald alikuwa mtu wa reli, alitunza kila karatasi kwenye majalada, na majalada ndani ya kasha, na kasha kwenye stoo ya chini ya ardhi. Miaka michache nyuma, kiangazi cha mafuriko, maji yaliingia stoo hadi ngazi ya tatu. Tulipoweza kushuka, karatasi zilikuwa zimegeuka uji. Bi Irmtraud aliniomba nimsaidie, nami nililibeba lile kasha begani hadi kwenye lori la taka. Sikulifungua.

Alitia sahihi ile fomu, pamoja na mkwaruzo, kifuniko na ukuta. Nilimwambia asitie. "Wale vijana wa lori wanalipwa kwa saa, Jochen," alisema, akatafuta miwani yake.

Gerlinde ndiye aliyelipa amana ya Solingen, kwa akiba yake ya mazishi. Bi Irmtraud hakuniambia hilo. Nililisikia kwa Gerlinde mwenyewe, naye aliniambia kwa kunong'ona, dada yake akiwa chooni.

Mimi nilimpeleka kwenye chama cha wapangaji. Mshauri wao, Bi Canan Yıldırım, alisoma mkataba wa zamani ukurasa kwa ukurasa, kalamu mdomoni. Mkataba ulipona mafuriko kwa sababu ulikaa kabatini.

"Sheria iko upande wako," alisema. "Anayenunua nyumba hurithi na deni la amana, awe aliipokea au hakuipokea. Tatizo ni kwamba mkataba unasema mpangaji atalipa. Hausemi amelipa."

"Kwa hiyo haki ninayo?"

"Unayo, mama. Ila mbele ya hakimu wewe ndiye utakayedaiwa ushahidi. Hakuna mtu aliyeshuhudia, au anayezijua desturi za huyo mzee?"

Alikuwepo mmoja. Mzee Dörner alikuwa amefariki, lakini mwanawe, Klaus-Peter, ana duka la miwani huko Remscheid. Tulikwenda siku ya Jumanne. Alimtambua Bi Irmtraud mara moja, akamletea kiti na kahawa. Bi Irmtraud ndiye aliyemfundisha kuendesha baiskeli uani, Klaus-Peter alipokuwa na miaka tisa.

"Mzee Ewald namkumbuka sana," alisema. "Na pesa za amana nazikumbuka. Baba aliziweka kwenye kopo la biskuti, za wapangaji wote. Hakuna aliyepewa ufunguo kabla ya kulipa."

"Basi tuandikie hivyo," nikasema. "Mistari miwili tu."

Akachukua kitambaa, akaanza kufuta kioo ambacho hakikuwa na doa.

"Mke wangu amenikataza kuandika chochote. Baba alipouza nyumba hakuzikabidhi zile pesa. Mnanielewa? Nikiandika kwamba alizipokea, kesho kampuni itanigeukia mimi."

"Sisi hatutaki pesa zako, ndugu yangu."

"Nyinyi hamtaki. Na wao je?"

Nilitaka kumtolea maneno makali, na nilikuwa nimeshayapanga, lakini Bi Irmtraud akasema, "Mwache, Jochen. Ana watoto." Klaus-Peter alikuwa amewiva uso mzima. Akamwomba miwani yake, akaikaza skrubu, akaunyoosha mkono mmoja wa miwani uliopinda tangu siku ya kuanguka, akaifuta, akamvalisha mwenyewe kwa mikono miwili. Bi Irmtraud akamshukuru. Njia nzima ya kurudi alitazama nje ya dirisha, akasema mara moja tu kwamba sasa anaona vizuri.

Mwezi wa Oktoba kampuni ilituma barua: si kwamba haimlipi tu, inamdai gharama za kutengeneza ukuta wa jikoni. Bi Canan akajibu kwa barua kali. Wakajibu kwamba, kwa kuzingatia umri wake, wako tayari kuusamehe ukuta, mradi atie sahihi kwamba hakuna upande unaomdai mwenzake chochote, sasa wala baadaye.

"Tunaweza kwenda mahakamani," Bi Canan alimwambia. "Mwaka mzima, pengine zaidi. Na siwezi kukuahidi ushindi."

Wiki hiyo hiyo mafundi walikuwa kazini juu yangu. Nilipanda kuwaomba wapunguze kelele, nikaukuta mlango wazi. Ukuta wa jikoni haukuwepo. Wote ulikuwa umebomolewa, jiko na sebule vimekuwa chumba kimoja kipana. Fundi mmoja aliniambia ndivyo ramani ilivyochorwa tangu mwaka jana.

Nilimpigia simu Bi Irmtraud. Nilifikiri atakasirika, na nadhani nilitaka akasirike, ili tupate nguvu ya kuendelea.

"Ukuta wote?" aliuliza.

"Wote."

Nilisikia redio ya jirani yake wa Solingen.

"Basi si wangetuambia," alisema mwishowe. "Zile siku tatu tungekunywa kahawa."

Jumapili nilikwenda kumtembelea. Gerlinde alikuwa ameoka keki ya plamu. Barua ilikuwa mezani, imeshatiwa sahihi, imo ndani ya bahasha, na stempu amebandika sawasawa kwenye pembe. Niliijaribu bahati yangu mara ya mwisho. Nilimwambia mwaka mmoja si mrefu, nitampeleka mahakamani mimi mwenyewe, nitaomba likizo.

"Kwako wewe si mrefu," alisema. "Nitilie hii kwenye sanduku la posta, tafadhali. La hapa liko mbali na mguu wangu."

Nilikaa nayo kwenye mfuko wa ndani wa koti la kazi siku ya Jumatatu, na Jumanne pia. Njia yangu ina masanduku ya posta saba. Niliyahesabu. Jumatano alipiga simu kuuliza kama nimeipeleka, nikamwambia ndiyo. Kisha nikavaa viatu, nikashuka ngazi, nikaenda kuitia sandukuni.