Krenki ya Mashine ya Mama Mkwe

Tangu amwoe binti wa yule mama mwenye mashine ya kusaga, fundi hakuwahi kukaa na mama mkwe wake zaidi ya muda wa kunywa maji. Walisalimiana, wakaulizana afya, kisha kila mmoja akatafuta kisingizio cha kuondoka. Aibu ya ukwe iliwashika wote wawili.

Siku moja mashine ikaanza kugonga. Mama akampigia bintiye simu: "Mwambie mwenzio aje. Injini inakohoa kama marehemu baba yako."

Fundi alikuja, akamwaga oili, akafungua injini, akaitoa krenki, ule mhimili mzito unaozunguka ndani yake, na kuilaza juu ya gunia. Mama hakuondoka. Aligeuza ndoo, akaketi.

"Utachafuka, mama," fundi alisema, macho chini.

"Kwani sabuni zimeisha? Niambie unatafuta nini."

Akamwonyesha beringi, vile vipande vyembamba vya nusu duara vinavyoikumbatia krenki. Vyote vilikuwa vya kijivu, ila kimoja kilichubuka hadi shaba ikaonekana.

"Huyu ndiye mgonjwa. Tuone kama ameiambukiza krenki."

Aliifuta krenki vizuri, akataka kuipima kwa ukucha, akasita. Kucha zake alikuwa amezitafuna zote.

"Wasiwasi gani huo wa kula kucha?"

"Nikisikia naitwa kwako, mama, ndipo huanza."

Mama alicheka mpaka akashika mbavu. Halafu akanyoosha mkono. "Haya, nielekeze."

"Pitisha ukucha taratibu. Ukinasa, mkwaruzo umezama."

Akaupitisha huku amefumba macho. "Unateleza."

Fundi akapima kwa mikromita, kile kipimo cha unene, huku na huku. Krenki ilikuwa bado duara, haijalika. "Imepona. Tutaing'arisha kidogo, tubadilishe beringi. Ila oili isipungue tena."

Mama alijifuta macho, akajipaka doa jeusi shavuni. "Nilidhani utasema niitupe. Tuliinunua na mzee wangu kabla hatujapata hata mtoto."

Beringi mpya zilipofika, wakaiunganisha injini pamoja. Mke wa fundi alipoleta chakula, aliwakuta bega kwa bega, weusi kwa oili.

"Jamani, mnakula saa ngapi?"

"Shii!" mama alimkemea. "Mwanangu anakaza nati."

Alasiri injini ikawaka, ikanguruma bila kugonga. Nafaka ya kusaga haikuwapo, lakini mama hakutaka izimwe. Alisimama kando ya injini, kiganja juu ya chuma, akitabasamu.