Alama ya Mkeka

Moto uliokula ghala la mbao ulizimika asubuhi, na kufika adhuhuri uwanja mzima wa shule ulikuwa umelala. Walimu walituachia madarasa. Wazimamoto waliotoka miji ya mbali walijilaza kwenye mikeka chini ya ubao, masizi yangali masikioni. Nje, mipira ya maji ilikuwa imetandazwa ikauke, mirefu, imejilegeza kama nayo inaota jambo. Majivu yalikuwa bado yanashuka, hayana haraka, yakitua juu ya helmeti, juu ya pampu, juu ya mkono wangu.

Mimi ni mpishi wa kikosi, na moto ukishazimwa kazi yangu hubadilika: nalinda funguo. Funguo za magari yote hutiwa ndani ya sufuria kubwa la chai, kifuniko juu, nami nakaa pembeni na tasbihi yangu. Dereva haondoki mpaka alale. Na kulala hakusemwi kwa mdomo, hutazamwa shavuni. Aliyelala kweli huamka na alama ya mkeka usoni, michirizi imezama kwenye ngozi. Ukiwa nayo, chukua ufunguo wako, nenda kwa amani.

Utaratibu huu uliletwa na kifo cha mume wangu. Alikuwa dereva wa gari la maji. Watu husema moto ulimchukua. Si kweli. Moto aliuzima, akaagana na wenzake akicheka, kisha akasinzia kwenye usukani akija nyumbani. Nilikuwa nimemtengea maji ya kuoga. Yalipoa, nikayapasha, yakapoa tena.

Gari la maji sasa linaendeshwa na mwanangu wa pekee.

Alinijia amekumbatia simu, macho mekundu kama pilipili. "Mama, uchungu umemshika. Mama mkwe anasema wako hospitali. Nipe ufunguo."

"Umelala?"

"Nitalalaje, na mke wangu yuko vile?"

"Basi akuendeshe mwenzio."

"Nani? Wote tumekesha. Labda wewe."

"Mimi nimelala vizuri," nikamwambia, "ila hata toroli hunishinda."

Akamgeukia mkuu wa kikosi, aliyekuwa anatoka darasani akipiga miayo. "Mkuu, mwambie mama."

Mkuu akageuza shavu lake lenye michirizi. "Mimi na cheo changu nimelala, Baba Kijacho, na siruhusiwi kuondoka kabla ya vikosi vyote. Hapa mwenye amri ni sufuria."

Mwanangu akazunguka nyuma ya jiko. Punde akarudi, ananyoosha viungo kama aliyetoka usingizini. "Haya, nimelala. Tazama."

Nikamtazama. Alama zilikuwepo kweli, tena mashavu yote mawili. Lakini mikeka ile naiosha mimi, na kila ukili wake naujua.

"Hizi ni alama za ungo wangu, mwanangu," nikasema. "Na unga umebaki puani."

Mkuu alicheka mpaka akashika ukuta. Mwanangu hakucheka. Alichuchumaa mbele yangu, na sauti yake ikawa ya utotoni. "Mama, mtoto akija nami sipo?"

"Atakusamehe. Mimi nilimsubiri baba yako, na sijui hata nimsamehe nani. Jilaze hapa mlangoni nikuone. Simu nishike mimi."

Alijilaza kwa hasira, akasema, "Nafumba macho tu, na ukiona..." Hakumaliza. Usingizi ulimkata hapo hapo.

Saa zile zilikuwa kama za chini ya maji. Mmoja baada ya mwingine, madereva waliamka, wakaja na mashavu yao, wakainua kifuniko taratibu. Vikosi vilikunja mipira, kila kimoja kikatafuta yake kwa rangi, wakapakia pampu, wakaondoka wakinong'ona ili wasiwaamshe waliobaki. Mimi nilivuta tasbihi. Sijui kama nilisinzia. Nilimwona mume wangu akipita katikati ya mikeka, viatu vyake vimelowa, anainama kutazama uso wa kila aliyelala, kama mtu anayetafuta chake. Alipofika mlangoni akainama zaidi. Kisha akaniangalia, akaweka kidole mdomoni.

Simu ikaita mkononi mwangu.

"Wa kike!" mama mkwe wa mwanangu alipiga kelele. "Na mama yake mzima! Mwamshe baba yake!"

Nilisema alhamdulillahi, nikasema tena. Nikamwinamia mwanangu. Mkono wangu ulikuwa umeshafika begani kwake. Alikuwa anapumua kwa kinywa wazi, kama alivyokuwa analala nikimnyonyesha. Nikaurudisha mkono.

Jua lilipolegea akaamka. Aliona simu kwangu, akaona uwanja mtupu, gari lake limebaki peke yake. Akaninyang'anya simu kwa macho kabla ya mikono.

"Ni wa kike," nikamwambia. "Wote wazima."

"Hukuniamsha."

"Sikukuamsha."

Alikaa akafunga viatu vyake, kamba moja baada ya nyingine. Nilijua akitaka kuninunia ana haki, nami nilikuwa tayari kununiwa maisha yangu yote, mradi awe hai wa kuninunia. Mwisho akanisogezea shavu. Michirizi ya mkeka ilikuwa imezama mpaka karibu na jicho. Nikainua kifuniko. Ufunguo ulikuwa umebaki mmoja, nao ulikuwa na baridi.

Gari lilitoka langoni polepole, likichuruzika maji yake ya mwisho kwenye vumbi.

Nilikusanya mikeka, nikaikung'uta majivu. Nikasali magharibi na simu kando ya msala. Ilipoita, nilikuwa bado nimekaa pale pale.

"Mama, nimefika." Sauti yake ilikuwa ndogo, ya mtu aliyebeba kitu asichotaka kukiamsha. "Ninaye mkononi. Amelalia mshono wa shuka, umemchora shavu zima."

"Basi huyo," nikasema, "mpe ufunguo."

Nikasikia anacheka. Nikaliosha sufuria, nikabandika chai.